Masada: Bunduki Iliyopendwa Kabla Haijauzwa

Januari 2007 wafanyabiashara wa silaha wa Marekani walikusanyika, kama ilivyo desturi yao kila mwaka, katika maonyesho yanayoitwa SHOT. Kampuni kubwa zilikuja na bunduki. Ndogo zikaja na mikanda, vitako, darubini na mafuta ya kusafishia. Magpul ya jimbo la Colorado ilihesabiwa miongoni mwa hizo ndogo. Richard Fitzpatrick, aliyewahi kuwa askari wa Marine, aliianzisha mwaka 1999, na bidhaa yake ya kwanza ilikuwa kipande cha mpira kinachovishwa chini ya magazini ili askari aichomoe upesi mfukoni. Mwaka ule wa 2007 Magpul ilileta bunduki nzima. Iliiita Masada, kwa jina la ngome ya kale ya mlimani huko Israeli, ikaeleza kwamba kazi yote ya kuisanifu ilikuwa imechukua miezi mitano tu.

Risasi yake haikuwa ngeni. Ilikuwa ileile ya milimita 5.56 ambayo jeshi la Marekani limeitumia tangu vita vya Vietnam. Kilichowakusanya watu mbele ya meza ya Magpul ni namna bunduki ile ilivyofunguka vipande na kuungwa tena ikawa nyingine. Mtumiaji aliulegeza mtutu kwa mkono, bila spana, akaweka mwingine mfupi au mrefu. Mpango ulikuwa kwamba akibadilisha mtutu, kichwa cha bolti na sehemu ya chini inayopokea magazini, angeweza hata kutumia risasi na magazini za AK alizoziokota vitani. Askari angepewa bunduki moja, kisha aigeuze kulingana na kazi ya siku hiyo.

Msomaji wa Afrika Mashariki amezoea kuiona bunduki ya aina hii begani kwa askari, na anajua kwamba mnunuzi wake ni serikali. Marekani mambo ni tofauti. Silaha iliyobuniwa kwa ajili ya vita, ikiondolewa tu uwezo wa kumimina risasi mfululizo, huingia dukani, na raia huingoja, huisifu, huilalamikia bei na kuitelekeza. Masada haikuwahi kuwa silaha rasmi ya wanajeshi wa Marekani. Umaarufu wake na anguko lake vilitokea sokoni, na ndiyo maana historia yake inatufunza mengi kuhusu nchi iliyoizaa.

Wazo lenyewe lilikuwa la zamani. Eugene Stoner, mhandisi aliyebuni AR-15 katika miaka ya 1950 akiwa na kampuni ya ArmaLite huko California, hakuishia kwenye bunduki hiyo iliyompa jina. Alipohama ArmaLite alikwenda kufanya kazi na Cadillac Gage ya Michigan, na mwaka 1963 akatoa mfumo ulioitwa Stoner 63. Kiini chake kilikuwa kimoja. Kwa kukivalisha mitutu, vitako na vifaa tofauti vya kulishia risasi, kiligeuka bunduki ya kawaida, bunduki fupi, au bombomu nyepesi inayokula risasi za mkanda. Ili iwe bombomu, kiini kiligeuzwa juu chini. Kompania moja ya Marine ilipewa silaha hizo kuzijaribu Vietnam mwaka 1967, na makomando wa majini wa SEAL walilipenda umbo la bombomu wakalitumia kwa miaka. Jeshi kwa ujumla halikuuchukua mfumo huo. Ulidai usafi na uangalizi mwingi, na vikosi vilivyoupenda viliuchukua kwa umbo moja, vikaendelea nalo. Hapo ndipo swali linalowaandama wabunifu wa silaha za vipande hadi leo lilipojitokeza: ni nani hasa anayehitaji kuibadilisha bunduki yake katikati ya kazi?

Austria ilijibu kwa namna yake mwaka 1977, ilipoipokea Steyr AUG kuwa bunduki ya jeshi lake. Mwili wake ulikuwa wa plastiki, darubini ilikuwa imejengewa juu yake, na mtutu ulichomoka kwa sekunde chache. Ilifaulu, nadhani, kwa sababu ilikuwa bunduki nzuri hata kwa askari ambaye hatabadilisha chochote maisha yake yote.

Marekani mabadiliko yalipita njia nyingine, isiyopangwa na mhandisi yeyote. Mwaka 1977 hataza ya Stoner juu ya mfumo wa gesi wa AR-15 iliisha muda wake, na kampuni ya Colt ikapoteza ukiritimba. Viwanda vingine vikaanza kutengeneza bunduki hiyo na vipuri vyake kwa vipimo vilevile. Mwaka 1995 jeshi likaweka kipimo kimoja cha reli ya kufungia darubini na tochi, reli inayojulikana kwa jina la ghala la silaha la Picatinny huko New Jersey. Sheria iliyozuia baadhi ya bunduki za aina hiyo, iliyopitishwa mwaka 1994, ilikoma Septemba 2004 bila kuongezwa muda. Tangu hapo AR-15 ikawa mikononi mwa raia kama pikipiki ilivyo mikononi mwa fundi wa bodaboda anayechanganya spea za huku na za kule hadi inanguruma. Katika sheria ya Marekani kipande kimoja tu cha chini, chenye namba ya usajili, ndicho kinachohesabiwa kuwa bunduki. Mtutu, kitako, mshikio na kinga ya mkono huuzwa kwa posta bila mnunuzi kuchunguzwa historia yake.

Kwa hiyo Magpul ilipoileta Masada, ilikuwa inawauzia watu kitu ambacho nusu yake walikuwa nacho tayari. Lakini kulikuwa na sababu ya kutamani zaidi. Vita vya Irak na Afghanistan vilikuwa vimepamba moto, na askari walilalamika kwamba M4, ndugu mfupi wa AR-15 wa jeshini, ilikwama katika vumbi. Mwishoni mwa 2007 jeshi lilizijaribu bunduki nne ndani ya chumba cha vumbi, kila aina ikifyatua risasi 60,000. M4 ilikwama mara 882. XM8 ya Ujerumani, iliyokuwa imekwisha kukataliwa, ilikwama mara 127. SCAR ya Ubelgiji mara 226. Na HK416, pia ya Ujerumani, mara 233. Masada haikuwa katika jaribio hilo, ila takwimu zile zilimpa kila mtu aliyeitamani bunduki mpya hoja ya kusimamia.

Na kweli Masada ilisanifiwa kwa akili. Magpul haikudai kuvumbua kila kitu, na ukweli huo unapaswa kuheshimiwa. Mfumo wa gesi ulitoka kwa AR-18, bunduki ya ArmaLite ya miaka ya 1960: badala ya gesi yenye masizi kurudishwa hadi kwenye bolti kama ilivyo katika AR-15, pistoni fupi iliisukuma bolti na kuyaacha masizi mbele. Mwili wa juu wa alumini na mahali pa kukokia vilifanana na vya SCAR. Plastiki ya sehemu ya chini ilifuata njia ya bunduki za Ujerumani, G36 na XM8. Kifyatulio kilikuwa cha AR-15, kwa hiyo aliyefunzwa M4 hakuhitaji kujifunza upya. Mkono wa kukoki ungeweza kuwekwa kushoto au kulia, na vitufe vyote viligusika kwa mkono wowote, jambo ambalo mashoto jeshini walikuwa wamelikosa kwa miongo mingi. Kitako kilikunjika ubavuni, kikarefushwa au kufupishwa kwa mwenye koti nene la kuzuia risasi. Ukiitazama kwa jicho la fundi, ilikuwa kazi ya kuokoteza mazuri ya miaka 40 na kuyapatanisha katika mwili mmoja. Hilo ni gumu kuliko linavyoonekana.

Tatizo lilikuwa kiwanda. Magpul ilijua kutengeneza plastiki, haikuwa na uwezo wa kutengeneza bunduki kwa maelfu. Januari 2008, mwaka mmoja tangu maonyesho ya kwanza, ilitangaza kwamba imeipa Bushmaster leseni ya kuizalisha. Bushmaster, iliyokuwa Windham katika jimbo la Maine, ilikuwa mtengenezaji mashuhuri wa AR-15, na wakati huo ilikuwa imekwisha kununuliwa na kampuni ya uwekezaji ya New York, Cerberus, iliyoinunua pia Remington na kuzikusanya kampuni hizo chini ya mwavuli mmoja ulioitwa Freedom Group. Jina la Masada likaachwa, likaja ACR. Bushmaster ingewauzia raia. Remington ingeshughulikia majeshi.

Ukaanza muda wa kungoja. Mwaka 2008 ukapita, na 2009 nao ukaelekea ukingoni.

Katikati ya kungoja huko likatokea jambo ambalo historia ya silaha haikuwa imelizoea. Tarehe 10 Novemba 2009 ulitoka mchezo wa video wa Call of Duty: Modern Warfare 2, na ndani yake ACR ilikuwamo. Mchezo uliuza nakala milioni 4.7 hivi kwa siku ya kwanza katika Marekani na Uingereza pekee. Katika mchezo ACR ilikuwa tulivu, haikurukaruka mkononi, na wachezaji wengi waliifanya kipenzi chao. Kwa hiyo mamilioni ya vijana, wengi wao wasioruhusiwa na sheria yoyote kununua bunduki, walikuwa wamekwisha kuizoea silaha ambayo hakuna duka lililokuwa nayo. Walijua mlio wake na umbo lake. Zamani sifa za bunduki zilitoka kwa askari aliyerudi vitani. Sasa zilitoka kwenye skrini, na bunduki yenyewe bado ilikuwa mezani kwa wahandisi.

ACR ilipofika madukani mwaka 2010, furaha ilizimwa na bei. Tangu siku za Masada wanunuzi walikuwa wameshikilia matumaini ya bei ya karibu dola 1,500. Bushmaster ilitangaza zaidi ya dola 2,600 kwa toleo la kawaida, na zaidi ya dola 3,000 kwa lililoboreshwa. AR-15 nzuri wakati huo ilipatikana chini ya dola 1,000. Wenye kujua walipoishika walikuta mengine: mtutu mnene ulioifanya bunduki tupu kuwa na uzito wa karibu kilo 3.7, na mizunguko ya ndani ya mtutu iliyochaguliwa kwa risasi nyepesi, ilhali walengaji makini walikuwa wamehamia risasi nzito. Vipande vya kubadilishia, ambavyo ndivyo vilivyokuwa roho ya ahadi, havikuwako. Mtu alilipa bei ya bunduki tatu, akapata moja. Vya risasi ya milimita 6.8 vilikuja baadaye, kwa kuchelewa. Vile vya risasi ya AK, vilivyowatoa watu mate mwaka 2007, vilibaki maneno.

Hasira za wanunuzi hawa zinaweza kuonekana za kitoto kwa mtu anayeijua bunduki kwa majeraha yake tu. Lakini zilikuwa na mantiki. Silaha ya vipande huuzwa kwa ahadi ya kesho: nunua kiini leo, utaongeza mengine baadaye. Kampuni isipoleta hayo mengine, mnunuzi amebaki na bunduki nzito ya kawaida aliyoilipia karibu mara tatu. Wakati huohuo AR-15, isiyo na msanifu mmoja wala ahadi yoyote, ilikuwa na mamia ya watengenezaji wa vipuri waliokuwa wakishindana kuvishusha bei. Ubadilikaji ambao Masada iliujenga kwa werevu mezani, soko lilikuwa limekwisha kuujenga kwa wingi.

Oktoba 2010 pigo lingine likaja. Bushmaster iliwaambia wenye ACR waache kuzitumia na wazirudishe kiwandani, kwa kuwa kasoro ingeweza kuifanya bunduki ya raia ifyatue risasi zaidi ya moja kwa kubonyeza mara moja. Zilitengenezwa zikarejeshwa, ila sifa hairejeshwi kwa posta. Miezi michache baadaye kiwanda cha Windham kilifungwa na kazi ikahamishiwa Ilion, New York, mji ambako Remington ilikuwa imetengeneza bunduki tangu karne ya 19. Wafanyakazi wa Maine waliokosa kazi walipata bahati: Richard Dyke, mmiliki wa zamani wa Bushmaster, alifungua kampuni mpya katika jengo lilelile akawarudisha wengi wao, wakatengeneza tena AR-15.

Lilibaki tumaini la jeshi. Mwaka 2011 jeshi la nchi kavu lilialika kampuni zishindane kuirithi M4, na Remington ikaipeleka ACR ya kijeshi kushindana na bunduki za kampuni nyingine. Juni 2013 jeshi lilifunga shindano bila mshindi. Lilieleza kwamba hakuna iliyofikia kiwango cha kufyatua wastani wa risasi 3,592 kabla ya kukwama mara moja. Washindani walinung'unika kwamba kiwango kilikuwa cha juu mno na kwamba risasi mpya ya jeshi iliyotumika katika jaribio haikuwa ile waliyoisanifia silaha zao. M4 ikabaki mahali pake.

Lakini kufikia hapo jambo zito kuliko shindano lolote lilikuwa limetokea. Asubuhi ya tarehe 14 Desemba 2012 kijana wa miaka 20 aliingia katika shule ya msingi ya Sandy Hook, mji wa Newtown, Connecticut, akawaua watoto 20 na watu wazima sita. Watoto wale walikuwa wa miaka sita na saba. Bunduki aliyoitumia ilikuwa Bushmaster. Si ACR, bali XM15, moja ya AR-15 zao za bei ya kawaida. Kuna ukweli mwingine unaoumiza kuusoma: chama cha wafanyabiashara wa silaha kinachoandaa maonyesho ya SHOT, yale yaliyoitambulisha Masada, kilikuwa na makao makuu yake katika mji huohuo wa Newtown, kilomita chache kutoka shuleni.

Siku nne baada ya mauaji, Cerberus ilitangaza kwamba itaiuza Freedom Group yote. Miongoni mwa fedha ilizozisimamia kulikuwa na akiba za uzeeni za walimu wa California, na walimu walikuwa wameanza kuuliza pesa zao zinafanya nini kiwandani mle. Mnunuzi hakupatikana. Nayo Colorado, nyumbani kwa Magpul, ilipitisha mwaka 2013 sheria ya kuzuia magazini zinazobeba risasi zaidi ya 15, na Magpul ikahamishia kiwanda chake Wyoming na ofisi zake kuu Texas. Haikuumia kibiashara. Magazini yake ya plastiki, ndugu wa kile kipande cha mpira cha 1999, ilipendwa kiasi kwamba mwishoni mwa 2016 Marine waliiidhinisha kwa askari wao. Kampuni iliyoshindwa kuifikisha bunduki yake jeshini iliingia jeshini kwa kipande.

Usanifu wa aina ya Masada nao haukufa, uliendelea Ulaya. Jamhuri ya Czech ilikuwa na CZ 805 BREN tangu 2011, na Poland, baada ya kazi ndefu ya chuo cha ufundi cha jeshi huko Warsaw na kiwanda cha Radom, ilianza kuwapa askari wake Grot mwaka 2017, bunduki ya mitutu inayobadilishwa na pistoni fupi. Hata huko mapokezi yalikuwa na kelele: mwaka 2021 vyombo vya habari vya Poland viliandika juu ya kasoro za toleo la kwanza, ikiwa ni pamoja na kidhibiti cha gesi kilichoanguka chenyewe, na kiwanda kikalazimika kutoa toleo lililorekebishwa. Tofauti ni kwamba serikali iliyoagiza bunduki kwa makumi ya maelfu inaweza kumshurutisha mtengenezaji. Mnunuzi wa dukani hana nguvu hiyo. Yeye huondoka tu.

Remington ilifilisika mwaka 2018 ikiwa na madeni ya karibu dola bilioni 1, ikafilisika tena 2020, na majina yake yakauzwa moja moja, Bushmaster likiwa mojawapo. Kesi iliyofunguliwa dhidi yake mwaka 2014 na familia za watu tisa waliouawa Sandy Hook iliendelea juu ya magofu hayo. Sheria ya shirikisho ya 2005 huwakinga watengenezaji wa silaha wasishtakiwe kwa uhalifu unaotendwa na wanunuzi, hivyo mawakili wa familia walichagua mlango mwembamba: hawakuhoji jinsi bunduki ilivyosanifiwa, walihoji jinsi ilivyotangazwa. Walionyesha matangazo yaliyowaambia vijana wa kiume kwamba bunduki ya Bushmaster ingewarudishia uanaume wao, na wakasema silaha za vita zilikuwa zimenadiwa kwa vijana wenye kupenda michezo ya video. Machi 2019 Mahakama Kuu ya Connecticut iliruhusu hoja hiyo isikilizwe, na mwezi Novemba Mahakama Kuu ya Marekani ikakataa kuingilia. Februari 2022 kampuni nne za bima zilizoikatia Remington zilikubali kulipa dola milioni 73. Familia zilisisitiza sharti jingine, zikalipata: haki ya kuweka hadharani maelfu ya kurasa za nyaraka za ndani za kampuni, zikiwamo zinazoonyesha jinsi ilivyopanga kuwatangazia watu bunduki zake.